Kaka yuko Muscat, fundi yuko Kariakoo, kompyuta bado sina

Anti, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 25, naishi Mbagala na mama na mdogo wangu wa kike. Nafanya kazi steshenari: nachapa barua, natoa kopi, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Mshahara wenyewe ndio huohuo, ila kwa kuwa sina mke wala mtoto, kwa kujibana na kwa upatu tunaocheza pale kazini nimefikisha 1,400,000. Hela hii nimeiweka kwa jambo moja, kompyuta ya gemu. Cheka ukitaka, nimeshazoea. Tangu shule ya msingi nalipia mechi kwenye vibanda vya gemu, na mpaka leo nikishuka kwenye daladala napita kibandani kubanana benchi moja na watoto wenye sare za shule. Nataka cha kwangu. Nataka FC, ile gemu ya mpira, nataka GTA V, nataka na Valorant, ambayo wenzangu wanaicheza mimi naiangalia YouTube.

Balaa lilianza nilipofungua mdomo. Nina rafiki tuliyekua naye mtaa mmoja, sasa ni fundi kompyuta Kariakoo, na hata hii kazi ya steshenari ni yeye aliyenitafutia. Nilipomwambia akasema, "Usihangaike, ya kwako ninayo." Ni Dell OptiPlex 7050 ya mtumba, ile ndefu, prosesa (ubongo wa mashine) i5-7500, RAM (kumbukumbu ya kazi) 8GB, SSD (diski) ya 240GB, na atanifungia kadi ya picha ya RX 580 ya 8GB. Jumla 850,000. Nikatanguliza 200,000 siku ileile kwa sababu alisema kuna mteja mwingine anaizungukia. Niliona pawasaplai yake imeandikwa 240W, nikamuuliza kama itatosha. Akasema ataweka adapta ivute moto kwenye nyaya za SATA, watu kibao wanafanya hivyo.

Usiku nikamtumia picha kaka yangu aliyeko Muscat. Huyu ni dereva huko, na baba alipofariki ndiye aliyenilipia ada mpaka nikamaliza kidato cha nne. Hakujibu kwa meseji, alipiga. "Unanunua mzoga!" Akanipangia orodha yake: Ryzen 5 5600, mazabodi (ubao mkuu) ya B450, RAM 16GB, kadi ya RX 6600, vyote vya kutumika atavitafuta hukohuko, na SSD mpya. Nimtumie 1,000,000, itakayopungua ataongeza yeye. Prosesa, mazabodi, RAM na SSD atavileta mgeni anayekuja mwezi ujao. Kadi itakuja na mtu mwingine, huenda baada ya miezi minne au mitano. Kasha na pawasaplai ninunue mwenyewe huku. Monita sijaipangia, nitatumia TV ya sebuleni.

Mama hajakataa. Alichouliza ni kimoja: "Na hiyo itakaa wapi?" Nimemwambia itanisaidia kuhariri video za harusi nipate hela. Si uongo kabisa, kuna mpiga video aliwahi kusema atanipa kazi.

Sasa rafiki ananipigia kila siku nikamalizie hela. Kaka anauliza mbona sijatuma. Nikimwacha rafiki nitaonekana nimepata ndugu wa Uarabuni nimemsahau aliyenishika mkono. Nikimwacha kaka, ni kama nimemwambia hajui kitu. Anti, naomba uniambie nichukue ipi.

Kijana wa Mbagala

*

Marahaba, mwanangu. Sikucheki. Mtu anayejinyima mpaka akafikisha kiasi hicho bila kukopa kokote anajua anachokitaka, na gemu ni starehe kama starehe nyingine. Wapo wanaomaliza zaidi ya hapo kwenye bia na hakuna anayewaandikia barua.

Mambo ya vyuma nimeyapeleka kwa fundi ninayemwamini, ambaye hamfahamu rafiki yako wala kaka yako, na nimemhoji mpaka akachoka. Nitakuambia aliyoniambia. Lakini kwanza nikueleze nilichokiona mimi. Umeuliza uchukue kompyuta ipi, na kila kifaa ulichokitaja kina mwenyewe. RX 580 ni ya rafiki, Ryzen ni ya kaka, TV ni ya mama. Kilicho chako mpaka sasa ni hela. Sijasoma popote wewe ukisema, "Mimi naona hiki kinanifaa kwa sababu hii." Ndiyo maana sitakuchagulia, nikikuchagulia nitakuwa mtu wa nne kwenye foleni hiyo.

Tuanze na mashine ya rafiki, kwa sababu humo mna jambo moja lisilosubiri. Ulipoitazama ile stika ya 240W ukauliza, uliuliza swali sahihi, na jibu ulilopewa halikutosha. RX 580 imepangiwa kula hadi wati 185 hivi. i5-7500 imepangiwa wati 65. Jumlisha hizo mbili tu, bila feni, bila diski, bila mazabodi, umefika 250. Hapo pawasaplai inazidiwa mechi ikishapamba moto. Halafu hiyo adapta. Plagi ya SATA ilitengenezwa kulisha diski, uwezo wake kwenye volti 12 ni wati 54 hivi. Plagi ya pini nane inayokwenda kwenye kadi inaruhusiwa kuvuta mpaka 150. Ukiziunganisha, ile ndogo inapata joto, plastiki inalainika, inanuka, na siku mbaya inayeyuka ikiwa ndani ya mashine. Ni kweli watu kibao wanafanya hivyo. Mashine yao haiungui siku ya kwanza, na ndiyo sababu wanaendelea kufanya. Hili, mwanangu, nakuomba usilikubali hata kama kila kitu kingine utakikubali.

Ila usikimbilie kusema rafiki amekutapeli. Fundi wangu hakuiita mashine yenyewe mzoga. Alisema ni mashine ya ofisi, imara, iliyooanishwa na kadi isiyo yake. Kuna kadi zinazokula moto wote kupitia kwenye mazabodi bila waya wa ziada, kama zile GTX 1650 za wati 75 zisizo na tundu la plagi. Ina 4GB tu, si 8, lakini Valorant na GTA V inazicheza vizuri, na FC utaicheza kwa kushusha ubora wa picha. Njia nyingine ni kubadili pawasaplai kabisa. Hapo ujue Dell hizi hazipokei plagi ya kawaida ya pini 24, utahitaji waya wa kubadilishia, na gharama inaanza kupanda kidogokidogo mpaka ule unafuu wa 850,000 unayeyuka. Na RAM ya 8GB kwa gemu za sasa ni kujibanabana; 16 ndiyo ya kukaa nayo kwa amani.

Lipo na suala la umri. i5-7500 ni ya kizazi cha 7. Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa Windows 11 prosesa za Intel wanazozikubali zinaanzia kizazi cha 8. Wajanja wanaifunga hivyohivyo, na inawaka. Lakini Valorant ikiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vilinzi vya ndani ya kompyuta, viwe vimewashwa, la sivyo inakutoa nje. Kwa hiyo muulize rafiki swali hili bila ukali: je, anaweza kukupatia mashine ya kizazi cha 8, tuseme OptiPlex 7060 yenye i5-8500, na ile 200,000 yako ihamie huko? Jibu lake litakufundisha mengi kuliko mimi.

Na ukiitaka RX 580 kwa mashine yoyote ile, itazame kwa jicho kali. Kadi za namna hii zilitumika sana kuchimba sarafu ya Ethereum mpaka uchimbaji ule ulipokoma Septemba 2022, kisha zikamwagwa sokoni. Iliyochimba si lazima iwe imekufa, feni tu mara nyingi ndizo zimechoka. Ubaya zaidi ni jina. Zipo zinazouzwa kama RX 580 huku ndani ni toleo la 2048SP, ambalo kwa kweli lina nguvu ya RX 570. Fungua programu ya GPU-Z, ni ya bure, tazama sehemu ya Shaders: RX 580 halisi inaonyesha 2304. Ukikuta 2048, bei ishuke.

Haya, twende Muscat. Orodha ya kaka ni nzuri, fundi wangu aliisoma akatabasamu. Ryzen 5 5600 ina kori sita, na RX 6600 ina 8GB na inakula wati 132 tu, chini ya ile RX 580 huku ikiizidi nguvu mbali sana. Kaka anajua anachosema. Alichokosea ni ratiba. Ryzen 5 5600 haina chipu ya picha ndani yake. Bila kadi, haitoi kitu kwenye skrini, hata ukurasa wa kwanza wa mipangilio. Ina maana mgeni wa mwezi ujao atakuletea mzigo ambao utakaa kwenye boksi mpaka mgeni wa pili afike, miezi minne au mitano, na muda wote huo hutajua kama mazabodi ni nzima au ilikufa njiani. Ukigundua baada ya miezi mitano kwamba ni mbovu, muuzaji wa Muscat atakuwa hamkumbuki kaka yako. B450 nayo ina lake: ilitoka 2018, kabla ya prosesa hizi, kwa hiyo kama haijasasishwa BIOS, yaani programu yake ya kuwashia, mazabodi haitaitambua Ryzen 5 5600. Hilo kaka anaweza kulimaliza hukohuko kwa kumwambia muuzaji aiwashe mbele yake.

Kuna kubadili kitu kimoja kwenye orodha yake. Ryzen 5 5600G, hiyo G ya mwisho, inakuja na picha yake ndani. Ungewasha siku mzigo unapofika, ungecheza Valorant na GTA V kwa picha za wastani, na kadi ingekukuta ukiwa tayari unacheza. Hapo RAM ije vipande viwili vya 8GB, si kimoja cha 16, kwa sababu picha ya ndani inaazima RAM na vipande viwili vinaifungulia njia pana zaidi. Hasara ipo: kashe yake, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa, ni 16MB wakati ya 5600 ni 32MB, kwa hiyo siku RX 6600 ikifika utakuwa nyuma kidogo ya ulivyoweza kuwa. Kidogo hicho ni cha kukufaa au cha kukuuma? Mimi sijui, sichezi. Wewe unajua.

Tupige hesabu, maana barua yako ina shimo. Una 1,400,000. Laki mbili ziko Kariakoo. Ukituma milioni kwa kaka, mkononi unabaki na 200,000, na kwa hiyo ununue kasha na pawasaplai ya kuaminika, ya wati 450 hadi 550 kutoka kampuni inayojulikana, si zile nyepesi kama boksi la viatu zilizobandikwa stika ya 600W. Bado kibodi, mausi, hedifoni. Bado kitu cha kukinga mashine na umeme wa kukatikakatika, walau stabilaiza. Hela imeisha, monita haijaguswa. Na tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda sana duniani, viwanda vikielekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba, kwa hiyo hata bei aliyokutajia kaka iulize upya kabla ya kutuma.

Unasema utatumia TV ya sebuleni. Mwanangu, saa tatu usiku hapo kwenu TV ina nani? Kama mama yako ni kama akina mama ninaowajua, saa hiyo ana tamthilia yake na rimoti iko chini ya mto. Swali lake la "itakaa wapi" wewe umelisikia kama swali la meza. Huenda ni la TV, na la LUKU pia. Kompyuta ya namna hii ikiwa kwenye gemu, na skrini yake, yaweza kula wati 250 hivi. Saa nne kwa siku ni uniti moja, mwezi mzima ni uniti 30. Kama nyumba yenu iko kwenye tarifu ya watumiaji wadogo, ile ya hadi uniti 75 kwa mwezi, uniti 30 za ziada zinaweza kuwatoa humo, na uniti zinazozidi zina bei nyingine kabisa. Nani ananunua umeme hapo nyumbani? Ukienda kwa mama na kusema, "Umeme wa kompyuta nitanunua mimi, na nitatafuta monita ya mtumba," utakuwa umejibu maswali mawili ambayo hajayauliza.

Na hizo video za harusi. Umesema mwenyewe "si uongo kabisa", nami nimekisikia kile "kabisa". Sikukatazi. Inawezekana ikawa kazi kweli, lakini itakudai vitu vyake. Video ya 4K iliyorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula 45GB kwa saa moja. SSD ya 240GB, ukitoa Windows na GTA V peke yake, haimezi harusi moja na sendofu yake. Je, umeshamuuliza huyo mpiga video anatumia programu gani, analipa kiasi gani, na kazi inaanza lini? Akikujibu vizuri, bajeti yako ibadilike, diski iwe kubwa, RAM isishuke 16. Akibabaika, basi unanunua kompyuta ya gemu. Mtu mzima anayefanya kazi anaweza kumwambia mama yake hivyo. Hofu yangu ni kwamba umejibebesha deni la kuifanya mashine ilipe, na miezi mitatu ikipita bila kulipa utaanza kuicheza kwa kujificha.

Nirudi kwa watu, kwa sababu ndio wanaokunyima usingizi. Rafiki anakupigia kila siku. Unadhani anapigia urafiki? Inawezekana anapigia kodi ya fremu. Hilo halimfanyi kuwa mbaya, ila linamaanisha ukimwambia ukweli mapema anaweza kumuuzia yule mteja mwingine, kama yupo. Mlikubaliana nini kuhusu hela uliyotanguliza endapo utabadili mawazo? Kama hamkusema, bado mnaweza kusema. 200,000 inaweza kugeuka kuwa mashine nyingine, au kasha na pawasaplai na ufundi wa kufunga vifaa vya kaka, kwa sababu hivyo vifaa vitahitaji mikono na ya kwako haijawahi. Hatari ni kwamba atajisikia ameshushwa kutoka muuzaji kuwa kibarua. Mpe nafasi ya kukataa, na ukubali kwamba huenda usirudishiwe yote.

Kaka naye, ule ukali wake mimi sikuusikia kama dharau. Mtu aliye mbali hana njia nyingi za kushiriki maisha ya nyumbani, na hapa amepata moja. Lakini kumbuka ataongeza hela yake, na kwa aliyekulipia ada, zawadi nyingine inaweza kuwa nzito kubeba. Unaweza kumpokelea sehemu. Kadi tu, kwa mfano, na iliyobaki ukanunua huku kwa wakati wako. Au kila kitu kije kwa safari moja hata kama ni kusubiri. Unaweza pia kununua ya Kariakoo yenye kadi inayostahili, ukacheza mwaka mzima, ukamwambia kaka bado unaitaka orodha yake baadaye. Atanuna. Kununa kwa ndugu kuna mwisho wake.

Ukiamua upande wa rafiki, usimalizie hela kwa picha za WhatsApp. Nenda siku ya kazi, kaa dukani, fungua GTA V kwenye mashine yenyewe na uiache icheze nusu saa ukiwa umeweka mkono karibu na tundu la nyuma la pawasaplai. Joto la kawaida ni sawa. Harufu ya plastiki si sawa, na ikizima yenyewe, hela ibaki mfukoni.

Ukiamua upande wa kaka, mwombe akupigie video mashine ikiwa imewaka pamoja na kadi, kabla hajalipa. Na prosesa isafiri ikiwa imefungwa kwenye mazabodi yake. Hizi Ryzen za soketi ya AM4 pini ziko chini ya prosesa yenyewe, nyembamba kama nywele, na wageni wa Muscat unawajua: mzigo wako utawekwa chini ya basmati na madumu ya sabuni.

Anti